Saa Sitini za Kunjua

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi na barua ya Baraza linalotoa leseni zetu imefika saa tano. Sijui ipi kati ya hizo mbili imenilowesha zaidi.

Kuanzia tarehe mosi Juni, asiye na leseni haruhusiwi kumgusa mgonjwa kwa jina la tiba ya viungo, awe ameifanya kazi hiyo siku moja au miaka thelathini. Leseni yangu ipo, imetundikwa nyuma ya mlango chini ya makoti. Lakini kitengo chetu kina watu wawili tu, mimi na Kunjua, na Kunjua hana karatasi hata moja. Aliingia hospitali hii kubeba machela. Bwana mmoja aliyekuwa mkuu wa kitengo akaona anavyowageuza wagonjwa kitandani, akamvuta ndani, na hajatoka mpaka leo. Ni miaka ishirini na tisa.

Jina hilo si la kuzaliwa. Kila anayepita mikononi mwake hulisikia mara hamsini: kunjua goti, kunjua vidole, kunjua na uso huo mama, hapa hatumchomi mtu sindano. Mimi nilipotoka chuoni na cheti changu bado kinanukia wino, yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Baraza limemwachia kijia kimoja. Afanye kazi saa sitini mbele ya macho ya msimamizi mwenye leseni, kila saa itiwe sahihi kwenye kijitabu cha kijani, kisha msimamizi ajaze tamko. Mwisho afanye mtihani wa vitendo. Msimamizi ni mimi. Watu wa Baraza, nina hakika, hawajamwinua mtu kitandani tangu walipopata viti vya kuzunguka.

Jumanne, 4 Machi

Nimempa Kunjua barua aisome. Ameisoma mara mbili, akavua miwani.

"Kwa hiyo dada, miaka yote hii nilikuwa nawapapasa watu tu?"

Nimecheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka sana.

Jumatano, 5 Machi

Nimemaliza saa sitini za Kunjua kwa dakika ishirini na tano. Nilikaa mezani na kalamu tatu, ya bluu, nyeusi na bluu nyingine iliyofifia, nikawa nabadilisha ili ionekane ni siku tofauti. Ukurasa mmoja nimeudondoshea chai makusudi. Tarehe nimezipeleka mbele mpaka katikati ya Aprili. Najivunia hasa ile chai.

Ningemtazama nini mtu aliyenifundisha? Ni kama kumkagua mama yangu anavyopika.

Jumamosi, 8 Machi

Kunjua amekuja nyumbani kumnyoosha mama, kama kila Jumamosi tangu mama apate kiharusi miaka miwili iliyopita. Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto ndivyo vilivyolala. Mguu umerudi nusu, mkono bado. Ulimi, kwa bahati mbaya yetu sote, haukuguswa.

Mama alikuwa mpiga chapa ofisini miaka thelathini na moja. Karatasi yoyote ikiingia humu ndani lazima aisome, hata risiti. Tamko la Baraza alilikuta juu ya meza.

"Mstari wa nne umeuona?" akaniuliza. "Unasema: Niko tayari kumkabidhi mzazi wangu kwa mtu huyu."

"Si ndiyo tunavyofanya kila Jumamosi, mama?"

"Mstari huo unanihusu mimi. Sijaona mahali nilipoulizwa."

Kunjua akamwambia kunjua kiwiko, mama, tuache siasa. Alipomwinua kitini mama akasema bega linauma. Nikamwambia ni baridi ya mvua. Hulalamika hivyo kila mvua.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Wagonjwa ishirini na sita.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Ndoo moja chini ya paa, karibu na ngazi zetu tatu za mazoezi zisizokwenda popote.

Jumanne, 18 Machi

Ndoo tatu.

Ijumaa, 21 Machi

Tumefunga tangu jana. Bati moja limeng'oka na magodoro yameloa. Nimebandika tangazo mlangoni. Kunjua ameutumia muda huo kupaka mafuta magurudumu ya viti vyote. Hajui kukaa bure.

Jumatatu, 31 Machi

Leo nimeaibika, na nitaiandika aibu hii yote.

Mkaguzi wa Baraza amekuja bila taarifa. Nilitegemea bwana mnene mwenye mkoba. Amekuja dada mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, viatu vya mpira miguuni, mwavuli wenye waya mmoja uliovunjika. Akafuta miguu mlangoni kwa muda mrefu sana. Nilidhani anafuta matope, kumbe anasoma.

Aliangalia fito za chuma tunazofundishia watu kutembea, akazitikisa. Akaangalia kioo kikubwa, magodoro, ndoo. Akaomba kijitabu cha kijani. Akakipitia ukurasa mmoja mmoja mpaka kwenye ule wenye chai. Hapo akatabasamu kidogo.

"Tarehe ishirini, Alhamisi, ulimtazama saa tatu," akasema. "Ishirini na moja, saa tatu."

"Ndiyo."

"Mlikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

Akanyoosha kidole mlangoni. Tangazo langu bado lilikuwa pale, kwa mwandiko wangu, herufi kubwa: KITENGO KIMEFUNGWA TAREHE 20 NA 21. Nilisahau kulibandua. Na tulikuwa bado hatujafika katikati ya Aprili, lakini kijitabu changu kilikuwa kimeshafika.

Kunjua alikuwa anamfunga mgonjwa kamba ya kiatu, akaendelea kuifunga, kuifungua, kuifunga.

Mkaguzi akakitia kijitabu mkobani, akatoa kingine kipya, akakiweka mezani.

"Mna wiki sita mpaka tamko, saba mpaka mtihani. Anza upya, dada. Utazame kweli."

"Na kile?"

"Kile nitakaa nacho."

Akaondoka na mwavuli wake kilema. Nilimchukia mpaka nikaumwa kichwa.

Jumatano, 2 Aprili

Saa ya kwanza na ya pili. Nimekaa kwenye kigoda karibu na ukuta, kijitabu gotini. Kunjua amefanya kazi akiwa amenipa kisogo.

"Unanitazama kama umeibiwa kitu," amesema.

"Nafanya kazi ya serikali, kaka. Usinisemeshe."

Ijumaa, 4 Aprili

Saa ya sita. Nimesinzia. Mgonjwa ndiye aliyeniamsha.

Jumanne, 8 Aprili

Saa ya kumi na moja. Nakiri kuna vitu sikuwahi kuviona. Kabla ya kumgusa mtu huvipasha viganja vyake moto kwapani, mvua hizi zote. Mtu akikaribia kulia kwa maumivu, Kunjua humwuliza habari za kuku wake, au za mkwewe, na wakati yule anasema, goti limeshakunjika. Nimeandika haya kwenye nafasi ya maelezo. Nimejisikia vizuri kuandika kitu cha kweli.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Mama na bega lake. Nimemkanda kwa maji ya moto.

Jumatatu, 14 Aprili

Saa ya kumi na saba.

Leo wagonjwa walijaa, nikasogeza kigoda mpaka upande wa pili, chini ya kioo. Yaani nilikaa mahali ambapo mgonjwa huwa anatazama. Mimi na Kunjua siku zote tuko nyuma ya mgonjwa au ubavuni. Miaka ishirini sikuwahi kukaa pale.

Alikuja Dereva. Ni mtu wa malori, mrefu, kiharusi kimemkalia kulia tangu Januari. Kunjua akamwinua kutoka kitini kama tunavyoinua wote: mkono mmoja chini ya kwapa la upande mbovu, mwingine umeshika mkono wake uliolala, moja, mbili, haya juu. Na mimi nikauona uso wa Dereva. Uliminyika wote kama karatasi, sekunde moja, ukarudi. Aliposimama alikuwa anatabasamu. Kunjua alikuwa nyuma yake anamsifia.

Nikadhani nimeona vibaya. Akamkalisha, akamwinua tena. Uso ule ule.

Bega lililopooza halina kinacholishikilia. Ukilivuta, mfupa unashuka, nyama zinachanika kidogo kidogo, na maumivu yakishaingia hayatoki kirahisi. Najua haya. Nilifundishwa mwaka wa pili, nikaulizwa kwenye mtihani, nikapata alama zote. Halafu nikaja hapa, wagonjwa thelathini mlangoni, na Kunjua akaniambia, mdogo wangu, ukiwainua kwa namna ya chuo utamaliza Krismasi. Akanionyesha njia ya mkato. Nikaichukua na sikuirudisha.

Nilitia sahihi saa ya kumi na saba.

Jumanne, 15 Aprili

Sikuwaza kwamba siku itaanzia nyumbani.

Saa kumi na mbili asubuhi nimeingia chumbani kwa mama kumwinua, kama kila siku. Kitanda chake kimeelekea ukutani. Nilikuwa nimeshatia mkono kwapani, nimeshashika ule mkono wake mwepesi, nimeshasema "haya mama, juu." Nikaganda hapo hapo. Nikauachia mkono. Nikazunguka kitanda, nikajibanza kati ya kitanda na ukuta, nikamtazama usoni.

Alikuwa ameshaminya macho. Nilikuwa sijamvuta bado, na yeye alikuwa ameshajiandaa.

"Mbona umeniacha?" akauliza, macho bado kafumba.

Nimehesabu bila kutaka. Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, miaka miwili. Ongeza Jumamosi za Kunjua. Na kila mvua nikamwambia ni baridi.

Nimemwinua kwa kumshika kiunoni, kama kitabu kinavyosema, vibaya, kwa sababu nimesahau. Sikumwambia kitu. Nimefika kazini nikajifungia chooni nikalia.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemwambia Kunjua. Nilisubiri wagonjwa waondoke, nikafunga mlango.

"Kaka, tunavuta mabega."

"Nani?"

"Mimi na wewe. Wagonjwa wa kiharusi. Tunawaumiza."

Alikuwa anakunja taulo. Akaendelea. "Nusu ya wanaotembea mji huu nimewasimamisha mimi."

"Najua."

"Yule binti wa mwavuli kaja siku moja, tayari umeshakuwa mtu wao."

"Sijasema Baraza. Nimesema nimeona. Nimekaa chini ya kioo nikaona."

"Nani alikufundisha kazi wewe?"

"Wewe."

"Basi," akasema. Akaweka taulo la mwisho juu ya mengine, akalinyoosha kona, akaondoka. Hakuaga. Hajawahi kuondoka bila kuaga.

Alhamisi, 17 Aprili

Saa ya ishirini na mbili. Hatusemeshani. Mvua inatusaidia kelele.

Jumamosi, 19 Aprili

Kunjua hajaja. Mama ameuliza mara tatu. Nimesema ana mafua.

Jumanne, 22 Aprili

Amevuta tena. Nimeandika kwenye kijitabu: amevuta bega. Ameniona nikiandika.

Alhamisi, 24 Aprili

Kunjua kanisubiri mlangoni asubuhi, koti linachuruzika.

"Nimemwuliza Dereva," amesema. "Jana nilimfuata kwake. Anasema bega linamwuma tangu siku ya kwanza. Nikamwambia, mwanaume mzima, kwa nini hukusema?"

"Akasema?"

"Akasema: nilidhani hiyo ndiyo dawa."

Akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Sijawahi kumwona amekaa pale.

"Na mama?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Akafunika uso kwa mikono yake miwili, ile mikono ambayo watu hutoka mbali kuifuata.

Hatukufungua mpaka saa tatu.

Jumatatu, 28 Aprili

Tunajifunza. Nimefukua daftari langu la chuo, limeliwa na mende pembeni. Mimi ndiye mgonjwa: nalegeza mkono wa kushoto, nakaa kitini. Yeye ananisogeza mbele ukingoni, ananirudisha miguu nyuma, anashika kiuno na mgongo, ananiinamisha mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha tunapanda pamoja. Akichoka, mkono wake wa zamani unajirudia kwapani wenyewe. Nampiga kofi dogo. Tukibadilishana, wangu nao unajirudia. Ananipiga.

"Mzito wewe," amesema. "Unakula nini?"

Nimefurahi kutaniwa. Nilikuwa nimekosa utani wake kuliko nilivyojua.

Jumatano, 30 Aprili

Saa ya thelathini na tisa. Hajavuta hata mara moja. Tumemaliza saa kumi na mbili jioni badala ya saa tisa.

Jumamosi, 3 Mei

Tumemwambia mama. Kunjua ndiye aliyetaka tuseme pamoja. Alivaa shati lililopigwa pasi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeushika wa kushoto mapajani. Kunjua alipomaliza, mama akanigeukia mimi.

"Miaka miwili ukaniambia ni baridi."

"Ndiyo, mama."

"Nikaamini. Kwa sababu una cheti." Akamtazama Kunjua. "Wewe sikudai cheti. Wewe nilikupenda tu."

Afadhali angetutukana. Akatuambia tutoke. Tangu leo, amesema, hakuna wa kumwinua. Jirani atamsogezea kiti, atajishika mezani. Nimesimama nje ya mlango nikimsikia anajaribu.

Jumatatu, 5 Mei

Mama hanisemeshi. Amesimama peke yake kwa jaribio la tatu, baada ya kurudi kitini mara mbili.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua imepungua. Ndoo moja.

Alhamisi, 15 Mei

Saa ya sitini. Zote za kweli, kalamu moja. Kunjua kaniuliza najisikiaje. Nimesema njaa.

Ijumaa, 16 Mei

Nimejaza tamko. Mistari mitatu ya kwanza nimetia sahihi. Kwenye maelezo nimeandika yote: kwamba msaidizi alikuwa akivuta mabega yaliyopooza, kwamba msimamizi alikuwa akivuta pia, naye alifundishwa kutovuta, kwamba kijitabu cha kwanza kilikuwa cha uongo na mwongo ni mimi, kwamba tangu tarehe 24 Aprili kosa limeachwa. Mstari wa nne nimeuacha wazi. Nani wa kumkabidhi mzazi ambaye amekataa kukabidhiwa?

Nimempa Kunjua asome kabla ya kupeleka.

"Umeniandikia hukumu, dada. Nimebakiza nini hapa?"

"Na yangu ipo, kaka. Soma chini."

"Yako wewe utapata onyo. Mimi namwaga unga." Akarudisha karatasi polepole. "Lakini hamna uongo humu. Peleka."

Jumatatu, 19 Mei

Mkaguzi amekuja kuchukua. Amesoma akiwa amesimama, maji yanamdondoka.

"Ungeweza kunyamaza," akasema.

"Ningeweza."

Akakaa kwenye kigoda changu. "Mimi nilisimamishwa miezi sita, miaka ile nilikuwa wodini. Nilisaini saa ambazo sikuziona. Mtu mmoja alivunjika nyonga." Alisema bila kubadilisha sauti, kama mtu anayetaja anwani yake. Nikaona nilikuwa nimemchukia bure, au niseme, nilimchukia kwa sababu alinijua.

Kisha akawa Mkaguzi tena. Kunjua atafanya mtihani Alhamisi. Akifaulu, Mkaguzi mwenyewe ataileta leseni hospitali Jumamosi ya tarehe 31, saa sita mchana, siku ya mwisho. Lakini tamko lenye mstari mtupu hawezi kulipokea; akanirudishia. Kwa upande wangu, leseni yangu itawekwa chini ya uangalizi mwaka mmoja. Akatoa kijitabu cha kijani, kipya, akaandika jina langu juu.

"Saa sitini. Utafute mwenye leseni akutazame."

Alhamisi, 22 Mei

Mtihani. Watahini wawili, bibi mmoja mgonjwa aliyeletwa nao, upande wa kushoto umelala. Mimi niliruhusiwa kukaa kwenye kona, mdomo umefungwa.

Kunjua akapasha viganja kwapani. Akamwuliza bibi habari za wajukuu. Alipofika kumwinua, nikauona mkono ule wa zamani unaondoka. Ulifika kwapani. Ukagusa.

Akautoa. Akarudi nyuma hatua moja.

"Samahani mama," akamwambia yule bibi, siyo watahini, "nilitaka kukosea. Nianze upya?"

"Anza mwanangu, sina safari."

Akaanza upya. Bibi akapanda bila kuminya uso, nilikuwa namtazama. Watahini wakaandika kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumanne, 27 Mei

Amefaulu. Alama zimekatwa kwa ule mkono, lakini amefaulu. Bado mstari wa nne. Sikumwambia mama, na Kunjua amenikataza nisimwambie. "Hadaiwi kitu," amesema. Amewatayarisha wagonjwa wake: kuanzia wiki ijayo huenda nikawa wa taulo tu, msinune, kunjueni nyuso.

Jumamosi, 31 Mei

Nilikuwa napiga pasi koti langu nikiwaza nitamwambia nini Mkaguzi saa sita. Mama akaita kutoka sebuleni.

"Ile karatasi ya Baraza imefika wapi?"

Nikampelekea. Akavaa miwani, akasoma kurasa zote, na maelezo yangu yote, kidole kikifuata mistari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kujua kwamba nimeandika. Alipofika mstari wa nne akagonga pale penye utupu kwa ukucha.

"Leo ndiyo mwisho?"

"Saa sita."

"Na ulikuwa unakwenda nayo hivi hivi?"

"Ulisema hukuulizwa, mama. Nikaona siwezi kujibu kwa niaba yako."

Nje kulikuwa na manyunyu tu. "Mpigie simu Kunjua," akasema. "Mwambie asivae lile shati."

Kunjua alifika amelowa, na shati alikuwa amevaa lile lile. Mama alikuwa kitini, amekigeuza kiti kikaelekea katikati ya chumba.

"Wewe," akaniambia, "kaa hapa mbele. Unitazame usoni. Usitazame mikono yake."

Nikakaa sakafuni, mbele ya mama yangu. Kunjua akapasha viganja. Akamsogeza ukingoni, akamrudisha miguu. Sikuona mikono. Niliona mama ameminya macho kama alivyominya asubuhi ile, anasubiri. Akainama, akapanda. Alikuwa amesimama na macho bado kafumba. Kisha akayafungua, jicho moja kwanza.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari, mama," Kunjua akasema.

"Nikalishe. Tena."

Mara ya pili hakufumba macho. Alinitazama moja kwa moja, na mimi nilikuwa nalia, na yeye akaniambia niache, naharibu mtihani. Bega linauma bado, amesema, hilo asitudanganye mtu. Litauma mvua ijayo pia. Akaomba kalamu, akanipa.

"Haya. Sasa umeniuliza."

Nikatia sahihi mstari wa nne juu ya goti lake. Tulikwenda hospitali kwa miguu, tukachelewa dakika nane. Mkaguzi alikuwa bado hajaondoka.

Jumatatu, 2 Juni

Jua, siku nzima. Nimeanika magodoro.

Leseni ya Kunjua tumeitundika nyuma ya mlango, kando ya yangu, na makoti tumeyahamisha. Wagonjwa wamekuja kuisoma mmoja mmoja. Dereva ameisoma kwa sauti.

Halafu Kunjua amechukua kigoda, akakiweka chini ya kioo, akakaa, kijitabu cha kijani chenye jina langu gotini. Nimemsogeza Dereva ukingoni mwa kiti. Nikamshika kiuno. Nikamwinua, na nikadhani nimemwinua vizuri.

Kunjua hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama Dereva usoni.

"Rudia, dada," akasema.

Nikarudia. Mara ya tatu ndipo alipofungua kalamu, akaandika: saa ya kwanza.